Kava Ukilivua, Kazi Zake Utampa Nani?

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mafundi, madereva na vijana wapenda pikipiki waliokutana hapa Mtwara mjini. Wenzetu wa Newala, Masasi na Lindi ambao hawakuweza kufika waliomba niyaandike yote. Michoro niliyokuwa naionyesha ukutani nimeiacha.

Wazee wangu, shikamooni. Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wajomba, dada zangu, vijana wote, karibuni na asanteni kwa kuja.

Nimeombwa kuzungumzia jambo moja: kuichukua pikipiki ya spoti, ile iliyovaa makava, yale maganda ya plastiki, kuanzia taa ya mbele mpaka chini ya injini, na kuivua ibaki wazi. Injini ionekane, rejeta ionekane, chesisi ionekane. Najua jambo hili limetufikiaje. Kijana ananunua pikipiki iliyotumika, nzuri, inang'aa. Siku moja inalala ubavu kwenye mchanga. Kava la kulia limepasuka, masikio yake yamekatika. Anauliza bei Dar es Salaam, anaambiwa liagizwe nje. Anasubiri. Likifika, rangi haifanani na matundu ya bolti hayalingani. Mwisho anakuja kwako fundi anasema, "Mjomba, vua yote."

Nami nasema: vua. Sikuja hapa kumzuia mtu. Kwa barabara zetu na kwa vipuri vinavyotufikia huku Kusini, naona pikipiki iliyo wazi inatufaa kuliko iliyovaa. Fundi anaifikia plagi bila kufungua bolti ishirini. Mafuta yakivuja unayaona siku ile ile. Ikilala mchangani, inaumia usukani na kigingi cha mguu, unanyoosha, unaendelea.

Lakini ndugu zangu, kava lile halikuwekwa kwa urembo peke yake. Kuna vitu limevibeba, kuna vitu limevikinga, kuna vitu limevielekeza. Ukilivua, kazi zake utampa nani? Swali hilo nitalirudia leo mpaka mlichoke, kwa sababu nimeona pikipiki nyingi zimevuliwa na swali hilo halikuulizwa hata mara moja.

Kwanza niondoe aibu iliyomo humu ndani. Wapo wanaodhani pikipiki iliyovuliwa ni pikipiki ya mtu aliyeshindwa kununua kava. Si kweli hata kidogo. Katika miaka ya 1950 viwanda vya Ulaya vilikuwa vikizifunika pikipiki za mashindano kila mahali, hata gurudumu la mbele likawa ndani ya kava. Moto Guzzi ya Italia ilijenga handaki la upepo kiwandani kwake, Mandello del Lario, mwaka 1950, ili ipime namna hewa inavyopita juu ya pikipiki na mwendeshaji wake. Zikaenda mbio kweli kweli. Tatizo likawa upepo wa ubavuni: kava pana lile liliushika upepo na kuipeleka pikipiki mahali ambapo mwendeshaji hakutaka. Ulipofika mwisho wa mwaka 1957, FIM, shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, likayapiga marufuku makava yanayofunika gurudumu la mbele. Kwa hiyo kava lenyewe, tangu zamani, lina faida na lina hasara.

Baadaye likarudi kwa adabu zaidi. Mwaka 1976 BMW ikaleta R100RS, pikipiki ya safari yenye kava kamili lililopimwa kwenye handaki la upepo. Mwaka 1985 Suzuki ikaleta GSX-R750, pikipiki ya barabarani iliyovaa kama ya mashindano. Vijana wa dunia nzima wakazitamani. Wakazinunua, wakaanguka nazo, wakaulizia bei ya kava. Mnaona? Yale yale yetu. Huko Uingereza na Ujerumani vijana wakavua makava yaliyovunjika, wakafunga usukani wa juu na taa za duara, wakaendelea na maisha. Viwanda vikatazama, vikajifunza. Japani, Kawasaki ikaleta Zephyr 400 mwaka 1989, iko wazi kabisa, ikapendwa mno. Mwaka 1993 Ducati ikaanza kuuza Monster, iliyobuniwa na Miguel Galluzzi kwa kuchukua vipande vilivyokuwepo tayari kwenye pikipiki za spoti za kiwanda hicho na kuviacha vionekane. Ikawa miongoni mwa pikipiki zilizouzwa zaidi katika historia yao. Na hizi ndogo tunazozijua: Yamaha R15 imevaa, MT-15 iko wazi, zote zina injini ya familia moja ya ukubwa wa cc 155. Bajaj RS200 imevaa, NS200 iko wazi. Ndugu wa tumbo moja.

Basi mtu asikucheke. Akikucheka, mwulize hao wahandisi wa Italia na Japani nao walikosa hela ya kava?

Tuje kwenye upepo, maana hapo ndipo mwendeshaji atakapoiona tofauti siku ya kwanza. Nguvu ya upepo unaokupinga hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa ukafika 100, mwendo umekuwa mara mbili, lakini upepo unakusukuma mara nne, na injini inahitaji nguvu mara nane ili kuushinda. Kwa hiyo ukizunguka hapa mjini, kutoka Shangani kwenda Chikongola, hutajua kama kava lipo au halipo. Ukiishika barabara ya Lindi na kufungulia, utajua kifuani na shingoni.

Yupo bwana mmoja anayefanya biashara Lindi na Mtwara, anapita njia ile kila mara. Alivuliwa pikipiki yake, akarudi kwa fundi analalamika kwamba injini imepungua nguvu. Fundi akasafisha, akabadilisha plagi, akapima mbano wa silinda. Injini ni nzima! Kilichopungua si nguvu, kilichoongezeka ni upepo. Kazi ya kukata hewa iliyokuwa inafanywa na kava sasa inafanywa na kifua cha mwenye pikipiki. Je, hilo ni baya? Mimi nasema hapana, ilimradi ajue. Bwana yule sasa anakwenda kilomita 80, anafika salama. Na msimu wa kusi, upepo unapokuja kutoka baharini ukimpiga ubavu, ananiambia pikipiki imetulia kuliko zamani, kwa sababu lile bati kubwa la plastiki la kushika upepo halipo tena. Akitaka nafuu, kuna kioo kidogo cha kufunga juu ya taa. Kinasaidia, ingawa mimi napenda ibaki bila.

Sasa fungueni masikio hapa, mafundi hasa. Ninachotaka kukisema sasa ndicho kinachowatesa watu wengi kuliko vyote.

Nyuma ya kava la mbele kuna fremu ndogo ya chuma au alumini. Fremu ile hubeba taa, hubeba mita, mara nyingi hubeba vioo. Vijana huing'oa yote kwa mkupuo, wakafunga taa mpya, wakafurahi. Lakini tazama nini kingine kimekaa pale. Honi. Relei. Chupa ya akiba ya maji ya rejeta, kwa baadhi yake. Mirija ya kupeleka hewa kwenye kichujio, kwa baadhi yake. Na kwa pikipiki nyingi za injeksheni, zile ambazo mafuta hupimwa na kompyuta, kuna kijisanduku kidogo cheusi, bolti mbili, waya tatu, hakina maandishi ya kukutisha. Nani anajua ni nini?

Kijana mmoja alileta pikipiki kutoka Masasi, imepakiwa kwenye pikapu. Alikwisha kuizungusha kwa mafundi. Amebadilishiwa plagi, amebadilishiwa koili, ameuziwa pampu ya mafuta nyingine. Inawaka, inanguruma vizuri, ukiigusa usukani inazima. Unazima swichi, unawasha tena, inakubali, unakwenda hatua chache, inazima. "Mjomba," akaniambia, "hii pikipiki ina jini. Tangu tuivue makava haitaki mtu aipande."

Nikamwuliza kile kijisanduku cheusi kilichokuwa nyuma ya taa kiko wapi. Akanionyesha: kimening'inia kwa tai ya plastiki, kinacheza huku na huku chini ya mita.

Ndugu zangu, kile ni sensa ya kuanguka. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya pikipiki kwamba chombo kimelala, kata mafuta, usije ukawaka moto. Kinatambua kusimama na kulala kwa namna kilivyofungwa. Ukikigeuza kichwa chini, pikipiki inaamini imepinduka. Ukikiacha kining'inie, kila ukikata kona au ukipiga shimo inaamini imeanguka, na inazima katikati ya barabara, lori likiwa nyuma yako. Na ikishakata, haikubali mpaka uzime swichi na kuwasha upya. Hilo ndilo jini la Masasi. Tulikata kipande cha bati, tukatoboa matundu mawili, tukakifunga kikiwa kimesimama vile vile kilivyotoka kiwandani, upande wa juu juu, uso wa mbele mbele. Akaondoka akiwa ameipanda. Pampu yake ya zamani ilikuwa nzima muda wote.

Kwa hiyo kabla hujafungua bolti ya kwanza, toa simu yako upige picha. Kila waya unapopita, kila kitu kimekaa upande gani. Simu tunazo sote.

Waya nazo zina habari yake. Ndani ya kava waya zilikuwa nyumbani, hazipigwi na mvua wala jua. Sasa ziko nje. Zile soketi nyeupe zisizo na mpira hazikuumbwa kwa masika ya Kusini, wala kwa hewa ya chumvi ya Mikindani. Rudisheni waya ndani ya ganda la taa mpya, chagueni taa yenye ganda kubwa kidogo la kuzimeza. Zisizoingia, zipelekwe chini ya tangi. Palipolazimika kuungwa, palehemiwe na kuvalishwa mpira. Kusokota na kuzungushia tepu ni kuahirisha shoti. Na ukibadilisha indiketa za globu kwa zile za LED, zitapepesa haraka haraka kama zina kichaa, kwa sababu flasha ya zamani, kile kifaa kinachozipepesa, inaona umeme umepungua, inadhani globu imeungua. Badili flasha, weka ya LED. Usiende hivyo hivyo ukasema angalau zinawaka, maana aliye nyuma yako lazima akuelewe.

Nani hapa ameshawahi kubangua korosho mbichi? Naona mikono mingi, tuko nyumbani. Mnajua mafuta ya ganda yanavyounguza ngozi ya mtu asiyeiandaa kwanza. Kava ni hivyo hivyo: kuvua ni rahisi, kuandaa ndiko kunakuokoa.

Taa ya mbele. Hapa nina ugomvi na mtindo ulioingia, ule wa kufunga taa kali za LED za kumulika kila upande. Zinampofusha dereva wa lori anayekuja mbele yako usiku. Msimu wa korosho unapoanza, kuanzia Oktoba, mnajua magari yanavyofuatana kwenye barabara ya Masasi na ya Tandahimba. Unataka dereva wa tani thelathini asione kitu anapopishana nawe? Funga taa ya duara, globu ya H4, wati 60 juu na 55 chini; inatosha kabisa ikielekezwa vizuri. Simamisha pikipiki mita 10 kutoka ukutani, mwenye nayo ameketi juu, washa mwanga wa chini. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya kimo cha taa yenyewe kwa sentimita 10 hivi. Basi. Kazi ya dakika chache, na sijui kwa nini watu hawaifanyi.

Rejeta sitaikawiza. Ukivua kava, inapata hewa vizuri ukiwa unatembea, ila inapata na mawe. Funga wavu wa chuma mbele yake, matundu yasiwe madogo hata yazibwe na udongo mwekundu wa kule juu Newala. Osha kwa maji ya bomba, usilipulie mashine ya presha karibu, mapezi yatalala. Anayekaa ufukweni aoshe mara kwa mara, na bolti zilizokuwa zimefichwa azipake grisi.

Sasa usukani. Naomba ukimya, jamani, maana hapa tunazungumzia roho za watu.

Pikipiki ya spoti ina vishikio vifupi vilivyofungwa chini, kila kimoja kwenye bomba la shokapu lake. Mtu akivua makava hutaka na usukani wa juu, ili aketi wima. Ni sawa, na mgongo utamshukuru. Lakini ukipandisha usukani, umeongeza umbali. Waya wa klachi ulikuwa unatosha, sasa hautoshi. Waya za mafuta, zile za kuongezea mwendo, vile vile. Mpira wa breki vile vile. Mafundi wengi wanafunga, wanaona vimefika, wanasema vimetosha. Vimetosha usukani ukiwa umenyooka! Pinda kushoto mpaka mwisho, je? Pinda kulia mpaka mwisho, je?

Kuna dada mmoja fundi, kijana tu, nilimwona akikataa kumkabidhi mteja pikipiki yake. Mteja ana haraka, amekasirika, anasema, "Dada, mbona imeisha?" Dada yule hakubishana naye. Akaiwasha pikipiki, ikawa inanguruma taratibu gia ikiwa huru. Akapinda usukani kushoto, kimya. Akapinda kulia mpaka mwisho: injini ikapaza sauti yenyewe, bila mtu kugusa mafuta. Akamwambia, "Kaka, ukikata kona ya kulia pale sokoni, pikipiki itakuongezea mwendo usiouomba." Yule bwana akashuka, akaketi kwenye benchi, akasubiri waya mrefu uletwe.

Dada yule kwangu ni fundi kamili. Fanyeni kama yeye, kila pikipiki, bila kuruka hata moja. Na mpira wa breki usiungwe. Narudia. Mpira wa breki usiungwe! Nunua mrefu unaofaa, funga kwa washa mpya za shaba, toa hewa yote, weka mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Hela ikiwa haijatosha ya mpira mrefu, acha vishikio vya zamani vya chini mpaka itoshe. Pikipiki iliyo wazi yenye vishikio vya chini inapendeza vile vile.

Kwenye chesisi nina ombi moja. Ukimaliza kuvua utaona masikio yamebaki, vile vipande vya chuma vilivyokuwa vinashika kava. Mkono utawasha kutaka kuyakata kwa grenda. Usiyakate haraka. Leo huna kava, kesho utalipata, au utamuuzia mtu anayelitaka. Na ikiwa chesisi ni ya alumini, kama zilivyo nyingi za spoti kutoka Japani, usikubali ichomelewe na mtu wa mageti. Alumini ina mashine yake na mkono wake, na joto lisilo sahihi linailegeza pale pale ulipodhani umeiimarisha. Tengeneza vishikio vya bolti vinavyotumia matundu yaliyopo. Na popote utakapochomelea, betri ifunguliwe na kompyuta ichomolewe kwanza.

Halafu lipo jambo linaloniuma. Pikipiki iliyoanguka vibaya, shokapu zimepinda, shingo ya chesisi imeguswa, inavuliwa makava, inapakwa rangi nyeusi, inauzwa kama "imeboreshwa". Mnunuzi ni kijana ameuza korosho za familia. Anaipanda, inavuta upande mmoja, anadhani ni tairi. Mafundi wenzangu, kabla hujavua, pima. Vuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele. Simama nyuma utazame kama magurudumu yako kwenye mstari mmoja. Toa mabomba ya shokapu uyavingirishe juu ya kioo, lililopinda litajionyesha. Pinda usukani pande zote uangalie vizuizi vyake kama havijabonyea. Ukikuta chesisi imekwenda, mwambie mwenyewe ukweli, na usiipake rangi.

Rangi nayo: kadi ya pikipiki imeandikwa rangi, namba ya injini na namba ya chesisi. Ukiibadilisha rangi ya tangi, nenda ukarekebishe kumbukumbu zako kwanza kabla askari hajakuuliza njiani. Vioo viwili vifungwe kwenye usukani. Honi ilie. Indiketa nne ziwake. Madigadi ya nyuma msiyakate, nawaomba. Masika yanakuja, na aliyepakiwa nyuma ana nguo zake safi za kazini.

Mkimaliza, msiikabidhi siku hiyo hiyo. Iendesheni kutoka hapa hadi Mikindani na kurudi, taratibu, mkisikiliza. Ikirudi, iacheni ipoe, kisha pitieni kila bolti mliyoigusa, maana plastiki iliyokuwa inazibana imeondoka na mtikisiko umebadilika. Nyingine mtazikuta zimelegea. Kazeni, tieni gundi ya bolti zinapohitaji, pindeni usukani tena kushoto na kulia injini ikiwa inawaka. Ndipo mwite mwenyewe.

Nimeleta pikipiki moja, ipo hapo nje chini ya mwembe, bado imevaa makava yake yote. Tutaivua pamoja. Nahitaji watu wawili wenye spana namba 8 na namba 10, mmoja mwenye bisibisi ya nyota, na mmoja wa kupiga picha kila hatua. Wengine leteni maswali tukiwa kazini.